Wizi, Unyang'anyi na Benki: Historia ya Vitasa na Historia ya Maneno

Mtu asomapo katika gazeti kwamba majambazi wamevamia benki, huelewa mara moja kwamba kuna fedha zilizochukuliwa isivyo halali. Asiloambiwa ni namna zilivyochukuliwa. Je, ukuta ulitobolewa usiku watu wakiwa wamelala? Je, karani alielekezewa bunduki mchana kweupe? Au yuko mtu aliyeketi mbele ya kompyuta katika nchi ya mbali, asiyepata hata kuuona mlango wa benki hiyo? Katika mazungumzo ya barazani tofauti hizi hazina uzito mkubwa. Mbele ya hakimu zina uzito wa miaka mingi, na penginepo wa roho ya mtu. Maadam sheria ilibadilishwa nchini Tanzania mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, mzigo huu sasa umo mabegani mwa mfasiri na karani wa mahakama. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuyatazame maneno haya kwa kupitia historia ya jinai yenyewe. Historia hiyo tutaifuata zaidi nchini Marekani, kwani huko ndiko vilikobuniwa vifaa vingi vya ulinzi ambavyo leo tunatafutiwa majina yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1798, dola 162,821 zilitoweka katika chumba cha hazina cha Bank of Pennsylvania, mjini Philadelphia. Benki hiyo ilikuwa imehifadhiwa katika jengo la chama cha maseremala, liitwalo Carpenters' Hall. Mlango haukuvunjwa wala kitasa hakikuharibiwa. Shaka ikamwangukia mhunzi Patrick Lyon, kwa kuwa ndiye aliyeshughulikia vitasa vya milango ya chuma ya chumba hicho. Lakini Lyon hakuwapo mjini; alikuwa amekimbilia Lewes, katika jimbo la Delaware, kuikwepa homa ya manjano iliyokuwa ikiua watu kwa maelfu. Aliposikia kwamba anashukiwa alirudi kwa hiari yake ili ajieleze, naye akatiwa gerezani kwa muda wa miezi mitatu. Mwizi hasa alikuwa seremala Isaac Davis, aliyesaidiwa na bawabu Thomas Cunningham, ambaye alikuwa akilala humo humo jengoni. Bawabu aliuawa na homa baada ya siku chache. Davis naye alijifichua kwa upumbavu wa kustaajabisha: alianza kuziweka fedha za wizi katika mabenki ya mji ule ule, ikiwamo benki aliyoiibia. Alipokamatwa alikiri, akarudisha karibu fedha zote, akasamehewa asilale gerezani hata usiku mmoja. Mhunzi asiye na kosa ndiye aliyekwisha kulala humo miezi mitatu. Lyon alifungua mashitaka, na mwaka 1805 mahakama ikaamuru alipwe fidia ya dola 12,000, ingawa hatimaye walipatana kwa kiasi pungufu.

Vitabu vingi vya Kiingereza hulitaja tukio hilo kuwa la kwanza la aina yake nchini Marekani, na hulipa neno lile lile wanalopewa watu wanaoingia benki na bastola mkononi. Mfasiri asipojihadhari ataandika "unyang'anyi wa kwanza wa benki", naye atakuwa amepotosha. Katika Kiswahili kitenzi kunyang'anya kinadai watu wawili waliokabiliana: mmoja mwenye kunyang'anya na mmoja mwenye kunyang'anywa, na kati yao ipo nguvu au tishio la nguvu. Chumba kitupu hakinyang'anywi, wala mtu aliyelala hanyang'anywi, huibiwa. Davis na bawabu wake walikuwa wezi, na kosa lao lilikuwa wizi. Hapa lugha yetu imekata vizuri kuliko lugha inayotafsiriwa, na ingekuwa hasara kuufanya upanga wetu butu ili ufanane na wa jirani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wenye benki na wezi walishindana kwa chuma. Kasha la mbao likaachwa, likaja kasha la chuma. Mwizi naye akajifunza kumimina baruti katika tundu la ufunguo na kulipua mlango. Basi tundu lenyewe likaondolewa. Ukaja mlango unaofunguliwa kwa kuzungusha tarakimu kwa mpango maalumu, usiokuwa na ufunguo wala mahali pa kuutia. Kwa mtazamo wa mhunzi huo ulikuwa ushindi mkubwa, lakini matokeo yake hayakufikiriwa mapema. Zamani siri ya hazina ilikuwa katika kipande cha chuma kinachoweza kufichwa au kuibwa. Sasa siri iliingia katika kichwa cha mwanadamu, na kichwa cha mwanadamu kina mwili, na mwili huumizwa.

Ndivyo ilivyokuwa usiku wa tarehe 25 Januari 1876 huko Northampton, Massachusetts. Genge la watu waliojifunika nyuso liliingia nyumbani kwa mtunza fedha wa benki ya mji huo, John Whittelsey, likawafunga kamba watu wote wa nyumba, kisha likamtesa yeye mpaka akazitaja tarakimu. Mali iliyochukuliwa, nyingi ikiwa hati za dhamana, ilizidi thamani ya dola milioni moja.

Dawa ya balaa hilo ilikuwa imekwisha kubuniwa. Fundi James Sargent wa mji wa Rochester, New York, alikuwa ametengeneza kitasa chenye saa ndani yake, na mwaka 1874 kimoja kilifungwa katika benki ya mji wa Morrison, Illinois. Jioni mlango unapofungwa, saa hutegwa kwa idadi ya masaa. Na mpaka masaa hayo yaishe, hata meneja azijuaye tarakimu zote hana uwezo wa kuufungua. Baada ya habari za Northampton kuenea, mabenki mengi yaliharakisha kununua vitasa vya namna hiyo. Faida yake kubwa haikuwa tu kuzilinda fedha. Ilimwondolea mtunza fedha ile siri iliyokuwa ikimhatarisha, kwani hakukuwa tena na sababu ya kumtesa usiku mtu asiyeweza kufungua.

Ila kitasa cha saa hufunguka asubuhi. Mwenye kuzitaka fedha hakuwa na budi kuja wakati mlango uko wazi, makarani wako kazini na wateja wamepanga foleni. Hatusemi kwamba kifaa hicho ndicho kilichoanzisha uvamizi wa mchana; huko Malden, Massachusetts, mkuu wa posta Edward Green alikwisha kumpiga risasi na kumwua kijana wa miaka 17 ndani ya benki tarehe 15 Desemba 1863, na huko Liberty, Missouri, kundi la watu wenye silaha lilichukua kiasi cha dola 60,000 mchana wa tarehe 13 Februari 1866. Tunachosema ni kwamba kadiri usiku ulivyofungwa kwa chuma na saa, ndivyo jinai ilivyosukumwa kuelekea mchana, na mhalifu aliyekuwa mwizi akageuka kuwa mnyang'anyi.

Tukiwa bado mlangoni mwa hazina, tuseme neno juu ya kitasa hicho. Tumeona mahali pengine kikiitwa "kufuli la muda". Jina hilo lina makosa mawili. Kwanza, kufuli ni kile kinachoning'inia na kuondoleka. Kilichojengwa ndani ya mlango ni kitasa. Pili, na hili ni kubwa zaidi, msemaji wa Kiswahili akisikia "la muda" ataelewa kwamba ni kufuli la kuazima, linalosubiri lililo bora lipatikane, kama tusemavyo kibarua wa muda. Kitasa cha saa kinatosha. Vivyo hivyo chumba chenyewe kimepata kuitwa "kuba", kwa sababu tu lugha chasili hutumia neno moja kwa chumba hicho na kwa dari la mviringo. Kuba ni la msikiti. Penye fedha ni chumba cha hazina.

Karne ya 20 ilileta motokaa, nayo ikampa mnyang'anyi mbio za kuvuka mpaka wa jimbo kabla polisi hawajafika. Sifa za John Dillinger, aliyeuawa na maofisa wa serikali mjini Chicago tarehe 22 Julai 1934, zimekwisha kuelezwa kupita kiasi, nasi hatutaziongeza. Itoshe kwamba mwaka huo huo kosa la kunyang'anya mabenki mengi ya nchi hiyo liliwekwa chini ya sheria ya serikali kuu. Kilichobadilisha mambo zaidi ni picha. Mnamo tarehe 12 Aprili 1957, katika mji wa Cleveland, Ohio, kamera iliyofichwa iliwapiga picha watu waliokuwa wakichukua fedha kwenye taasisi moja ya akiba, na picha zilipoonyeshwa hadharani wahusika hawakuwa na pa kujificha. Mwaka 1968 Marekani ilitunga sheria ya kuyalazimisha mabenki kuwa na kiwango fulani cha vifaa vya ulinzi. Miongoni mwa vilivyoenea ni noti zilizoandikwa namba zake mapema, ambazo karani humkabidhi mnyang'anyi pamoja na nyingine ili zije kumshuhudia. Na vifurushi vya noti vyenye rangi ndani yake, vinavyopasuka baada ya kutoka mlangoni na kuzichafua fedha zisitumike. Kwa zile za kwanza tunapendekeza noti za mtego. Kuhusu kengele inayolia kituo cha polisi bila kusikika ndani ya benki, "kengele ya kimya" inajipinga yenyewe. Kengele ya siri inaeleza kazi yake bila kuchekesha. Wapo pia wanaolaumu "kioo kisichopenya risasi", wakidai kwamba kipenyacho ni risasi wala si kioo. Sisi hatuoni kosa: ndivyo tusemavyo pia kwamba ndoo imejaa maji.

Turudi sasa kwenye uzito wa maneno. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu hutenga wizi, ambao kwa kawaida adhabu yake haizidi kifungo cha miaka saba, na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui miaka 30. Nchini Kenya magazeti na mahakama hutumia wizi wa mabavu, na kosa hilo limewekewa adhabu ya kifo, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini humo tangu mwaka 1987. Mfasiri atokaye upande mmoja kwenda mwingine asidhani kwamba maneno haya mawili yanabadilishana kama noti za shilingi. Wizi wa mabavu katika sheria ya Kenya hauhitaji silaha. Mtu akipora pamoja na mwenzake mmoja tu, huweza kushitakiwa kwa kosa hilo hata kama mikono yao ilikuwa mitupu. Akiandika "unyang'anyi wa kutumia silaha" ameongeza silaha isiyokuwapo. Kwa upande wa muundo, tunakiri kwamba wizi wa mabavu ni istilahi nzuri: hutaja jinsi kwanza, yaani wizi, kisha hutaja kinachoutenga. "Unyang'anyi wa kutumia nguvu", usikikao mara kwa mara kwetu, hurudia jambo moja mara mbili, maana hakuna unyang'anyi usio na nguvu. Ama ujambazi, neno ambalo wanaisimu huliunganisha na neno la Kiajemi lenye maana ya mtu achezaye na roho yake, hilo hutaja tabia na kazi ya mtu, halitaji kitendo. Lafaa kichwa cha habari. Katika hati ya mashitaka halifai.

Mwezi Novemba 2017, mjini Thika nchini Kenya, ilibainika kwamba watu walikuwa wamechimba njia chini ya ardhi hadi ndani ya tawi la benki, wakachukua zaidi ya shilingi milioni 50 mwisho wa juma. Hapakuwa na mtu aliyetishwa. Kuna walioandika kwamba ni ujambazi, na wengine unyang'anyi. Kwa kweli ni uvunjaji na wizi, wa namna ile ile ya Philadelphia, ila wa koleo badala ya ufunguo.

Na sasa yapo mambo ambayo hata koleo halihitajiki. Mwezi Februari 2016, watu walioingilia kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo kwenda New York, wakitaka fedha za benki hiyo zilizowekwa huko zihamishwe. Dola milioni 81 zilifika nchini Filipino na nyingi hazikurudi. Magazeti ya dunia yaliita tukio hilo kwa neno la unyang'anyi, ilhali hakuna aliyetishwa wala aliyejua kinachotendeka; kwa vipimo tulivyokwisha kuvieleza, ni wizi kwa njia ya mtandao, na tunawasihi wafasiri wasiliongezee ukali usiokuwamo. Dola nyingine milioni 20 zilikuwa njiani kwenda Sri Lanka, kwa jina la taasisi moja ya hisani. Kwa mujibu wa habari zilizotolewa wakati huo, katika agizo hilo neno la Kiingereza lenye maana ya taasisi lilikuwa limekosewa herufi. Benki iliyokuwa ikilipitisha agizo ililiona kosa hilo la tahajia, ikauliza, na fedha hizo zikazuiwa.