Mbegu ya mnazi: Kwa nini nazi za mti mmoja hazizai sawa

Mkulima wa Mambrui, kaskazini mwa Mto Sabaki, anapotaka kupanda mnazi hutafuta nazi ya mbegu chini ya mti unaosifika kwa kuzaa. Hafanyi kosa, ila hapo amemchagua mama peke yake; baba hamjui.

Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, ambao ndio ulioenea Pwani ya Kenya, unapofungua karara, maua ya kiume humwaga chavua kabla ya maua ya kike kuwa tayari kuipokea. Kwa hiyo chavua nyingi hutoka katika minazi mingine, ikiletwa na upepo na nyuki. Kila nazi basi ni mchanganyiko mpya wa vinasaba. Minazi mifupi, inayopendwa kwa madafu, aghalabu hujichavusha yenyewe na watoto wake hufanana.

Kosa la mbegu hukaa muda mrefu shambani. Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 10, kisha huishi miaka 60 na zaidi.

Mavuno nayo si hesabu ya nazi tu. Nazi kubwa si lazima iwe ya mafuta, kwani huenda ukubwa wote ukawa ni makumbi. Kinachotafutwa ni unene wa nyama na uzito wa mbata, ambayo ikikaushwa vyema mafuta yake hukaribia theluthi mbili za uzito. Uwiano wa makumbi na nyama hurithiwa kwa uthabiti kuliko idadi ya nazi, ambayo hutikiswa na ukame, udongo na wadudu. Nazi huchukua karibu mwaka mzima kutoka kidaka hadi kukomaa, na karara huanza kuumbika ndani ya mti mapema zaidi. Ukame wa mwaka huu huonekana hata katika mavuno ya mwaka wa pili. Ndiyo maana mti wa mbegu huhesabiwa nazi kwa miaka kadhaa, na ulio kando ya zizi huachwa: huenda unazaa kwa nguvu ya samadi, wala si kwa nasaba.

Njia nyingine ni chotara. Aina ya PB121, iliyotokana na mnazi mfupi wa manjano wa Malaya na mnazi mrefu wa Afrika Magharibi, ilizalishwa Ivory Coast na kusifiwa kwa kuzaa mapema. Tanzania, iliyoanzisha mpango wa taifa wa minazi mwaka 1979, ilijaribu machotara wa kigeni. Wengi walishindwa na ukame na ugonjwa hatari wa kunyauka. Mnazi mrefu wa kienyeji ulistahimili zaidi. Isitoshe, nazi ya chotara ikipandwa tena, sifa za wazazi hutawanyika.

Tofauti za minazi zina asili ya mbali. Uchunguzi wa vinasaba vya minazi zaidi ya 1,300 uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha makundi mawili makuu, la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi na Atlantiki, yaliyochanganyika katika Madagaska, Komoro na maeneo jirani, kwenye njia za mabaharia wa kale.

Mnazi unaogemwa, hata uwe bora vipi, hauingii katika hesabu hiyo. Karara inayokatwa kwa ajili ya tembo haitoi nazi ya mbegu wala chavua kwa jirani, hadi mgema aupumzishe.