Thabeet kachemsha? Hebu tuhesabu vizuri

Haya wadau, nimerudi chuo kutoka likizo nyumbani Milanzi. Baridi ya Sumbawanga imenichapa vya kutosha. Mliouliza matokeo: ndiyo, nina sapu mbili. Mada ya leo imeanzia hapo hapo.

Jioni moja tunaota moto, baba mdogo akauliza habari za masomo. Nikamwambia ukweli. Akacheka: "Basi mwanangu umekuwa Hasheem Thabeet. Umefika juu, umechemsha." Mkubwa ni mkubwa, nikanyamaza. Ila usiku sikulala, nikawa naipanga historia ya huyu jamaa kichwani.

Thabeet kazaliwa Dar mwaka 1987. Kikapu alianza kukishika akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza miaka kumi. Akaenda kusoma huko, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Urefu mita 2.21. Msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kwenye drafti nzima ya NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. James Harden alichaguliwa wa 3, Stephen Curry wa 7. Hapo ndipo watu wanapoanzia kumcheka.

Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol nafasi ile ile, na Thabeet bado alikuwa anajifunza mchezo. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, timu ya D-League, ligi ya chini ya kukuza wachezaji (siku hizi inaitwa G League). Mpaka wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Aibu, lakini mkataba wa NBA ulikuwa palepale, zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Baada ya hapo ni kuhama tu: Houston 2011, Portland 2012, kisha Oklahoma City misimu miwili. Jumla mechi 224 za NBA, wastani pointi 2.2. Mwaka 2014 akauzwa Philadelphia, nao wakamwacha bila kucheza hata mechi moja.

Sasa sikilizeni hapa, maana wanaomcheka huwa wanafunga kitabu mwaka huo huo wa 2014.

Msimu wa 2014/15 alirudi D-League, timu ya Grand Rapids Drive. Safari hii hakutumwa na timu ya NBA, alikwenda mwenyewe. Mshahara wa juu wa ligi ile wakati huo ulikuwa kama dola 25,000 kwa msimu mzima. Mtu aliyezoea mamilioni anakubali hiyo, anacheza na vijana ambao hawajawahi kuonja NBA. Halafu mwaka 2017 akaenda Yokohama, Japani. Mwaka 2020, ana miaka 32, yuko tena ligi ya chini ya Marekani na Fort Wayne Mad Ants, anagombea nafasi ya kurudi. Korona ikakatisha msimu. Hakukaa, akaenda Taiwan kuchezea Hsinchu Lioneers.

Kule Marekani watu wa namna hii ni wengi, hasa kwenye besiboli: warushaji wanaozunguka ligi ndogo miaka kumi, mji huu leo, ule kesho, na hakuna anayewacheka kwa sababu hakuna aliyewatarajia. Kosa la Thabeet ni kwamba alianzia juu, sisi wote tukiwa tunaangalia.

Kwa hesabu yangu alishuka kwa namna mbili. Ya kwanza alishushwa, ya pili alishuka kwa miguu yake ili aendelee kucheza. Hiyo ya pili baba mdogo haijui, na mimi ndiyo inayonihusu. Mwaka jana nilikuwa naongoza darasa, leo nakaa kusoma sapu na wenzangu niliokuwa nawafundisha. Wiki ya kwanza niliona noma hata kuingia maktaba.

Juzi nimeingia. Mtihani wa kwanza Jumatatu saa 2 asubuhi. Baba mdogo, shikamoo, nikifaulu nakupigia simu. Nikifeli pia nakupigia.

Tuonane baada ya sapu wadau.