Mlima Washington wakati wa baridi

Mlima Washington ni mlima mrefu kuliko yote ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, wenye kimo cha mita 1,917. Uko katika jimbo la New Hampshire. Wakati wa baridi wapandaji huvaa viatu vya theluji: fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili kutawanya uzito, mguu usizame. Meno yake ya chuma hung'ata theluji ngumu; kwenye barafu tupu, juu ya mstari wa miti, viatu hivyo huvuliwa na kufungwa kramponi, yaani meno makali ya chuma ya kufunga chini ya buti. Kileleni upepo ulifikia kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934, na Februari 2023 halijoto ilishuka hadi takriban nyuzi 44 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo ngozi iliyo wazi huganda kwa dakika chache. Mpandaji makini hugeuka mapema.