Mercury ya Hirohata na Swali la Asili

Gari litokapo kiwandani huwa limefanana na ndugu zake elfu nyingi, na mwenye kulinunua hana la kujivunia ila kwamba alikuwa na fedha za kulilipia. Lakini katika mji wa Los Angeles, baada ya vita vilivyokoma mwaka 1945, iliinuka jamii ya vijana na mafundi ambao hawakuridhika na ufanano huo. Kwao gari lilikuwa kama kanzu, ambayo haimkai mtu sawasawa mpaka imepita mikononi mwa mshoni. Tangu mwaka 1942 viwanda vya Marekani vilikuwa vimeacha kuunda magari ya raia ili viunde zana za vita, na viwanda vya ndege vya pande hizo vilikuwa vimewafunza watu wengi kukata bati na kulichomelea. Basi amani iliporejea, shauku ya magari na maarifa ya chuma vilikutana mahali pamoja.

Miongoni mwa mafundi hao walisifika ndugu wawili wa nasaba ya Kiyunani, George Barris na Sam Barris, waliokulia kaskazini mwa California, kisha wakahamia Los Angeles na kufungua karakana katika kitongoji cha Lynwood. George alijaliwa kipawa cha kuieneza sifa ya kazi yao kwa picha na magazeti. Sam alijaliwa mikono. Mwaka 1952 alifika kwao kijana Mmarekani wa asili ya Kijapani, Bob Hirohata, na Mercury yake ya mwaka 1951, gari la mviringo na mwili mnene, akataka lipewe sura ambayo jicho halijapata kuiona.

Nguzo za paa zilikatwa, paa likashushwa inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma, hata likawa linateremka kama wimbi linalorudi baharini. Nguzo za katikati ya milango ziliondolewa kabisa, madirisha yakaungana kwa mkunjo mmoja laini. Taa za nyuma zilitolewa katika Lincoln, na mkanda wa kromu wa ubavuni katika Buick. Kisha mwili wote ukapakwa kijani cha namna mbili, hafifu juu na kilichokolea chini.

Yafaa tusimame kidogo penye mishono, maana hapo ndipo ustadi ulipojificha. Zama hizo puti ya plastiki ilikuwa bado haijaenea, kwa hiyo kila palipoungwa palijazwa madini ya risasi, yaliyolainishwa kwa moto wa tochi, yakatandazwa kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta, yakachongwa kwa tupa na kusuguliwa kwa msasa, mpaka kiganja kikipita juu yake kisihisi mpaka wa bati na bati. Moto ukizidi, risasi hutiririka na bati hujikunja; ukipungua, risasi haishiki. Hapakuwa na kipimo cha kumwongoza fundi ila jicho lake na subira yake, na magari ya namna hii yakaitwa na watu kwa jina la risasi yaliyoibeba.

Mwaka 1953 Hirohata alilitia gari lake injini ya Cadillac, akaliendesha kutoka California hadi Indianapolis, na habari za safari hiyo zikachapishwa katika jarida la Rod & Custom. Lakini fahari ya mtindo haina maisha marefu. Gari lilipakwa rangi nyingine ili lionekane katika filamu ya mwaka 1955, na mwaka 1959 mwanafunzi mmoja wa sekondari akalinunua kwa dola 500 tu. Alikwenda nalo shuleni, kisha akaliweka ghalani, na akakataa kuachana nalo kwa miaka mingi.

Alipoanza kulikarabati mwaka 1989, lilimkabili swali zito: kulirudisha gari katika asili yake ni kulirudisha wapi? Kwa magari mengine jibu ni jepesi, kwani asili ni kiwanda, na kila skrubu ina kielelezo chake katika vitabu vya mwenye kuliunda. Lakini kuirudisha Mercury hii katika hali ya kiwandani kungekuwa kuiharibu mara ya pili, na maangamizi hayo yangeitwa matengenezo. Naye alichagua Lynwood ya mwaka 1952 na kijani chake cha namna mbili. Akakubali kwamba fundi aliyeukata mwili wa gari ndiye aliyeliumba, na kwamba badiliko lililofanywa kwa idili huwa ni asili mpya yenye haki ya kuhifadhiwa.

Mwaka 2017 gari hilo liliandikwa katika daftari la taifa la magari ya kihistoria nchini Marekani, na Januari 2022, katika mnada wa Kissimmee, Florida, nyundo iligongwa kwa dola 1,950,000. Sam Barris alikuwa amefariki tangu mwaka 1967, siku ambazo gari lenyewe limelala ghalani, na hakuishi kuiona heshima hiyo. Malipo yake hayakuwa katika mnada. Yamo katika kila kiganja kinachopita juu ya paa lile, kikatafuta mahali alipounga, kisipaone.