Baridi ya Dodoma: Hita ipi inafaa baraza la vioo?

Kipupwe kikiingia Dodoma, kuanzia Juni hadi Agosti, mchana jua linawaka lakini usiku ni koti. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Julai joto la alfajiri hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14. Upepo wa kusini mashariki nao haupumziki.

Wanaoumia zaidi ni waliofunga baraza zao kwa vioo na alumini. Mchana panaunguza, saa mbili usiku hapakaliki. Kioo kimoja chembamba hakizuii joto kutoka, na bati lisilo na dari ni hivyo hivyo. Wazee wa Kigogo walilimaliza hili kwa tembe: kuta nene, paa la udongo, milango michache. Udongo ulishika joto la mchana na kulitoa usiku taratibu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, ziba kwanza. Weka dari, mapazia mazito yanayofika sakafuni, na mpira chini ya mlango. Fungua mapazia mchana jua liingie, yafunge kabla halijazama.

Sasa hita yenyewe. Hita nyingi za umeme za kuchomeka ukutani, iwe ya feni, ya mafuta au ya waya mwekundu, hugeuza umeme kuwa joto kwa kiwango kilekile. Anayekwambia yake ya wati 2,000 "haili umeme" anakuuzia maneno. Tofauti ni namna joto linavyokufikia. Ya feni hupasha haraka, ukizima baridi inarudi. Ya mafuta huchelewa ila hukaa na joto. Ya waya mwekundu humpasha aliyekaa mbele yake, si chumba kizima, na kwa baraza linalovuja joto hiyo ndiyo inayofaa zaidi. Iwe mbali na mapazia na watoto.

Piga hesabu ya luku. Wati 2,000 kwa saa tatu ni uniti 6 kila usiku, yaani 180 kwa mwezi. Bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 zilimpa mtumiaji mdogo (D1) uniti 75 kwa Sh100 kila moja, zinazozidi Sh350. Hita peke yake inazimaliza hizo 75 ndani ya siku 13. Mwenye matumizi makubwa ya namna hiyo huishia kundi la T1, Sh292 kwa uniti kabla ya kodi, na unafuu wa D1 umekwenda.

Kama una AC, tazama rimoti. Ikiwa na alama ya jua, inapasha pia. Yenyewe huvuta joto lililoko nje badala ya kulitengeneza, hivyo kazi ya uniti 6 inaweza kufanywa na takriban 2. Nyingine zinazouzwa ni za kupoza tu, uliza kabla ya kulipa.

Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, siyo ekstensheni nyembamba yenye TV na friji.

Na jiko la mkaa? Hapana, hata likiwa "limeshashika vizuri, halina moshi". Mkaa mwekundu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Baraza lililozibwa vizuri linakuwa mtego. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, ndiyo maana wengi hudhani ni uchovu. Ukizihisi, toka nje na wenzako wote, kisha hospitali. Zimamoto ni 114.

Hita ya gesi nayo inawaka moto, kwa hiyo inahitaji dirisha lililoachwa wazi kidogo na kuzimwa kabla ya kulala.