Paka akibadili tabia: Ni lini apelekwe kwa daktari wa mifugo?

PAKA dume anaonekana alfajiri akichutama kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Anajikamua, anainuka, anatembea hatua chache, kisha anarudi palepale na kuchutama tena. Kila mara hutoa mlio mfupi, akaketi na kujiramba sehemu zake za siri.

Wengi wanaoiona hali hiyo hukata kauli kwamba mnyama amefunga choo. Humnywesha mafuta ya kupikia, wakaamua kusubiri hadi kesho yake. Kumbe mara nyingi kilichoziba si utumbo bali ni njia ya mkojo, na kesho hiyo huenda paka asiione.

Mkasa wa aina hiyo hautokei kwa sababu wenye paka hawana huruma, ila kwa kuwa paka ni hodari wa kuficha maumivu. Porini, mnyama huyu ni mwindaji, lakini kwa udogo wa umbo lake naye huwindwa. Anayeonyesha udhaifu hujitia hatarini. Desturi hiyo haijamtoka hata yule anayelala sebuleni.

Waswahili husema kwamba mtu mgumu kufa ana roho ya paka. Ukweli ni kuwa paka huonekana mzima hadi ugonjwa unapokuwa umemlemea, na ndipo watu hudhani umemjia ghafla.

Kwa hivyo, anayefuga paka hahitaji kulijua jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Analopaswa kujua ni muda alio nao: iwapo ni lazima aondoke sasa hivi, aende kabla ya siku kwisha, au anaweza kungoja siku chache huku akimchunguza.

Kipimo ni paka mwenyewe

Hakuna tabia moja iliyo ya kawaida kwa paka wote. Yupo anayelia siku nzima na yupo asiyetoa sauti. Yupo anayependa kupakatwa na yupo asiyetaka kuguswa. Swali la kujiuliza ni hili: Je, paka huyu amebadilika akilinganishwa na alivyokuwa wiki iliyopita?

Mambo yanayofaa kutazamwa ni sita: anavyokula, anavyokunywa maji, anavyokojoa na kwenda haja kubwa, anavyojiramba manyoya, mahali anapolala, na anavyowapokea watu wa nyumbani. Badiliko katika jambo moja kwa siku moja huenda lisiwe na maana. Mambo mawili au matatu yakibadilika pamoja, kuna tatizo.

Paka mwenye afya ana joto la mwili la kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, na akiwa amelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Hesabu hiyo ya pumzi haihitaji chombo chochote. Inatosha kuhesabu jinsi kifua kinavyopanda kwa nusu dakika, kisha kuzidisha kwa mbili.

Ufizi nao husema mengi. Kwa kawaida huwa na rangi ya waridi, ingawa baadhi ya paka wana madoa meusi ya kuzaliwa. Ufizi uliokuwa wa waridi ukigeuka kuwa mweupe, wa samawati au wa manjano, hiyo ni dalili ya hatari.

Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada walichapisha kipimo cha kutambua maumivu kwa kutazama uso wa paka. Hukaguliwa mambo matano: masikio yaliyotanuka na kugeukia nje, macho yaliyofinywa, mdomo uliokazana, sharubu zilizonyooka, na kichwa kilichoinama chini ya mabega. Kila jambo hupewa alama kuanzia sufuri hadi mbili. Paka anayefikisha alama nne kati ya 10 huhesabiwa kuwa anahitaji dawa ya maumivu.

Isisahaulike kwamba mngurumo wa kooni si ishara ya raha wakati wote. Paka aliyeumia au anayekaribia kufa pia hunguruma.

Dalili zisizongoja

Ya kwanza ni ile ya paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo, au anayetoa matone machache tu. Njia ya mkojo ya dume ni ndefu na nyembamba kuliko ya jike, na huweza kuzibwa na chembechembe mfano wa mchanga au na ute uliogandamana. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo hushindwa kufanya kazi, madini ya potasiamu huongezeka katika damu na moyo husimama. Hayo yote huweza kutokea katika muda wa siku moja hadi tatu.

Daktari humlaza paka kwa dawa, akampitishia mrija mwembamba wa kuzibua njia hiyo. Akifikishwa mapema, wengi hupona. Mafuta ya kula hayana faida yoyote hapa, na kuliminya tumbo ni hatari kwa sababu kibofu kilichojaa huweza kupasuka.

Ya pili ni kuhema huku kinywa kikiwa wazi. Mbwa hutweta akisikia joto, lakini paka aliyetulia na anayepumua kwa kinywa huwa amekosa hewa. Asishikwe kwa nguvu wala asilazwe chali.

Ya tatu ni miguu ya nyuma kupooza ghafla, huku paka akilia kwa uchungu na nyayo zake zikiwa baridi. Huenda damu iliyoganda kutokana na ugonjwa wa moyo imeziba mshipa mkubwa unaoelekea miguuni.

Ya nne ni kifafa, kuzirai, au kutokwa na damu isiyokoma. Ya tano ni paka aliyegongwa na gari au bodaboda, au aliyeanguka kutoka roshani ya ghorofa. Hata akiinuka na kutembea, huenda ameumia kifuani au kibofu kimepasuka.

Ya sita ni sumu. Baadhi ya sumu za panya huzuia damu kuganda, na dalili zake hukawia siku kadhaa kabla ya kujitokeza. Paka aliyeonekana akila sumu, au panya aliyekufa kwa sumu, apelekwe akiwa bado anaonekana mzima. Maua ya lili yanayouzwa katika mafungu ya mapambo nayo huua figo za paka, hata akiramba chavua yake tu au kunywa maji ya chombo yalimowekwa.

Dalili za kupelekwa siku hiyo hiyo

Paka mzima aliyekaa saa 24 bila kula chochote anahitaji kuonekana na daktari. Mnyama huyu hawezi kufunga kwa muda mrefu kama binadamu. Akikosa chakula kwa siku chache, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea, na tatizo lililokuwa dogo likageuka kuwa la kufisha. Mtoto wa paka hapaswi kusubiriwa hata nusu siku.

Kutapika mara moja, kukiwa na fundo la manyoya, si jambo la kutisha. Kutapika mara tatu au zaidi kwa siku, kushindwa kuzuia hata maji tumboni, au kutapika damu ni jambo jingine.

Vilevile, apelekwe siku hiyo paka anayefumba jicho moja na kukataa kulifumbua, anayechechemea bila kukanyagia mguu, mwenye jipu lililotokana na kung'atwa na paka mwenzake, au aliyejificha chini ya kitanda tangu asubuhi na hataki kutoka hata kwa chakula anachokipenda. Paka jike anayechutama mara kwa mara awekwe katika kundi hili, kwani njia yake haizibiki kwa urahisi lakini huenda kibofu kimevimba.

Uzi unaoning'inia kinywani au njia ya haja kubwa usivutwe kamwe. Sehemu yake nyingine huenda imejizungusha ndani ya utumbo, na kuuvuta ni kuukata utumbo huo.

Mabadiliko ya polepole

Magonjwa mengine huingia kwa kunyemelea. Paka aliyepita umri wa miaka 10 na ambaye anakula sana lakini anakonda huenda ana hitilafu katika tezi ya shingoni. Anayekunywa maji kuliko zamani na kukojoa sana huenda ana ugonjwa wa figo au kisukari. Aliyeacha kuruka juu ya kiti alichokizoea si lazima awe amezeeka tu. Huenda viungo vinamuuma.

Paka anayeanza kukojoa sakafuni au juu ya godoro huadhibiwa na wengi kwa kudhaniwa kuwa mkaidi. Kabla ya kumchapa, ni busara kwanza daktari achunguze kibofu chake. Hali hizi zinaweza kungoja siku chache, lakini si miezi.

Yanayotisha bila kuwa ugonjwa

Wapo wanaouona mlio wa paka usiku kuwa nuksi. Aghalabu, huyo ni paka jike ambaye hajafungwa uzazi na anatafuta dume. Hulia mfano wa mtoto mchanga, akajigaragaza na kuinua sehemu ya nyuma. Hali hiyo huendelea kwa takriban wiki moja, na asiposhika mimba hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, huweza kutokea mwaka mzima.

Kukimbia huku na huko jioni, kulala saa nyingi mchana na kula majani machache pia si ugonjwa. Hata hivyo, paka mzee aliyeanza kulia usiku bila sababu anafaa kupimwa, kwa kuwa huenda ana shinikizo la damu au ubongo wake umechakaa.

Kichaa cha mbwa

Badiliko moja la tabia linahusu uhai wa watu pia. Licha ya jina lake, kichaa cha mbwa huwapata paka. Mpole hugeuka kuwa mkali ghafla, au paka wa mtaani aliyekuwa akiwakimbia watu akaanza kuwasogelea. Hudondokwa na mate, sauti hubadilika, mwendo huyumba na kumeza humshinda.

Kosa linalogharimu maisha ni kudhani kwamba amekwamwa na mfupa na kumtia mkono kinywani. Paka wa aina hiyo asishikwe. Afungiwe alipo iwapo inawezekana bila kumgusa, kisha maafisa wa mifugo wa kaunti wajulishwe.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo kupewa chanjo. Dalili zikishamjia binadamu, ugonjwa huo hauponi. Mkakati wa Kenya uliozinduliwa mwaka wa 2014 unalenga kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030, na kuchanja wanyama ndiyo nguzo yake. Paka huweza kuchanjwa akifikisha umri wa miezi mitatu.

Dawa za nyumbani

Paka wengi hudhurika kwa mikono ya wanaotaka kuwasaidia. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za binadamu pia ni hatari kwake.

Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humtetemesha paka na huweza kumuua, na dawa za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe hazimfai. Anayenunua dawa kwenye agroveti anapaswa kusema waziwazi kwamba ni ya paka, na kutaja uzito na umri wake.

Aidha, si kila anayebeba bomba la sindano ni daktari. Chini ya sheria ya mwaka wa 2011, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya ndiyo huwasajili wahudumu wa taaluma hiyo, na mteja ana haki ya kumuuliza anayemtibia mnyama wake kama amesajiliwa.

Kabla ya safari

Daktari apigiwe simu kwanza ili ajiandae. Paka atiwe katika kikapu chenye mfuniko au katoni lenye matundu, juu yake kukiwa na kitambaa anachokijua harufu yake. Mwenye paka akumbuke mambo matatu: mara ya mwisho alipokula, alipokojoa, na dawa au sumu yoyote aliyoifikia. Pakiti ya dawa ichukuliwe. Tabia inayotia shaka ikinaswa kwa simu ya mkono, humsaidia sana daktari, kwani paka akifika mezani kwake huweza kujikaza kana kwamba hana neno.

Gharama huwazuia wengi, na si jambo la kudharauliwa. Hata hivyo, kupiga simu na kueleza dalili hugharimu kidogo, na daktari anaweza kusema kama kuna haja ya safari au la. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa paka dume anayechutama mchangani bila kutoa mkojo, ufa huo huzibwa asubuhi ileile aonekanapo, wala si kesho yake.