Nyumba ya kupangisha: usinunue kwa sababu "mji unakua"

Mjomba wangu alipopata kiinua mgongo, dalali akamwambia, "Mzee nunua hapa Dodoma, mji unakua huu." Kidogo atoe hela yote. Ndo nikaanza kufuatilia: utajuaje mtaa unakua kweli? Nawawekea hapa.

1. Tangazo sio mpangaji. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhamia kwa wingi baada ya 2016. Aliyenunua mapema akitegemea wafanyakazi wa serikali alisubiri zaidi ya miaka 40.

2. Hesabu watu, kisha hesabu vyumba. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Inavutia, sio? Ila wenye hela wote wameiona namba hiyo na wanajenga. Zunguka mtaa mzima, angalia vibao vya "nyumba inapangishwa" na misingi mipya. Vikiwa vingi, kodi haipandi hata kama watu wanaongezeka. Rudi saa mbili usiku uone nyumba ngapi zina taa.

3. Nani analipa? Ng'hong'hona kuna wanafunzi wengi wa UDOM, chuo kilichoanza 2007. Chuo kikifungwa, vyumba vinabaki vitupu. Mtaa wenye wanafunzi, watumishi na wafanyabiashara pamoja una nafuu.

4. Piga hesabu. Tuseme nyumba ni milioni 60, kodi 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 3. Ikikaa tupu miezi miwili inabaki milioni 2.5, yaani hela yako inarudi baada ya miaka 24! Hapo ukarabati bado. Na kodi usimuulize dalali, waulize wapangaji wenyewe: unalipa ngapi sasa, na miaka mitatu nyuma ulilipa ngapi? Kama haijapanda, basi mtaa haujakua, hata kama lami imefika.

5. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi ukahakikishe hati ni ya nani.

Mjomba alirudi kule usiku. Nyumba tisa, nne giza tupu. Hela yake bado ipo benki, na dalali hapokei tena simu zake.

Wewe mtaani kwenu kodi imepandaje? Tuambie hapo chini.